Vipimo Viwili vya Chiriku

Nyumbani kwetu siku huanza na mlio wa cherehani. Mwanangu ni fundi wa nguo, na chumba cha mbele ndicho karakana yake. Humo mna meza ya kukatia, cherehani mbili, kioo kirefu, na reli ya chuma ya kutundikia nguo za wateja. Kwenye kona wakati ule ilikaa pasi ya mkaa. Na chini ya meza, juu ya lundo la vipande vya vitambaa, ndipo alipopenda kulala mchana mjukuu wangu wa miaka minne.

Tunamwita Chiriku. Jina hilo alijitafutia mwenyewe, kwa mdomo wake. Akiamka anasema, akila anasema, na hata usingizini utamsikia anabishana na mtu.

Wakati huo alikuwa na jambo kubwa la kusema. Shule ya chekechea ilikuwa karibu kufunguliwa, imebaki kama miezi miwili, na baba yake alikuwa ameshamshonea sare. Gauni la buluu, kola nyeupe, vifungo mgongoni, na mfuko mdogo wa kutilia kitambaa cha mafua.

Nilimwambia mwanangu, "Mbona mapema hivyo? Mtoto huyu anarefuka kila ukipepesa macho."

"Mama, mikono ilikuwa inaniwasha," akasema. "Nimeacha pindo kubwa. Akirefuka, nalishusha."

Akalitundika gauni kwenye msumari wa mlangoni. Kila asubuhi Chiriku alisimama mbele yake.

"Shikamoo, gauni."

Halafu alijijibu kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanafunzi."

Tulicheka mpaka mdogo wake, mtoto mchanga tunayemwita Bwana Mdogo, naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Lakini kicheko chetu kilikuwa na kiwingu. Katika mwaka mmoja Chiriku alikuwa ameugua nimonia mara mbili. Masikio nayo yalikuwa yanauma, yanapona, yanauma tena. Daktari wa watoto alimtazama vizuri, akatazama na kadi yake ya kliniki. Chanjo zote za utotoni alikuwa amepata, pamoja na ile ya kuzuia nimonia.

"Watoto wengi waliochanjwa hawahitaji kipimo zaidi," daktari alisema. "Ila huyu ameugua mno. Nataka kujua kama mwili wake unatengeneza kingamwili."

Kingamwili ni walinzi wadogo sana waliomo ndani ya damu. Chanjo huufundisha mwili kuwatengeneza, ili kijidudu wa ugonjwa akiingia, akamatwe kabla hajafanya fujo.

Basi Chiriku akatolewa damu. Alilia kidogo, kisha akamuuliza mtu wa maabara kama damu hiyo atarudishiwa.

Majibu yalipotoka, mwanangu alikwenda kuyachukua. Aliambiwa dirishani, "Karatasi hii umpelekee daktari kesho. Atawaeleza." Kesho yake ndiyo ilikuwa pia siku ya chanjo ya Bwana Mdogo. Tulipanga kwenda wote.

Mwanangu hakungoja kesho. Alikaa mezani, akafungua bahasha, akachukua chaki yake ya kuchorea nguo.

Karatasi ilikuwa na mistari mingi. Kila mstari ulikuwa na namba ya aina ya kijidudu, kisha kipimo, na mwisho neno: "juu" au "chini". Mwanangu akawa anazungushia chaki kila penye neno "chini". Chaki ilizunguka, ikazunguka tena. Alipomaliza, karatasi ilikuwa imejaa miduara.

"Zaidi ya nusu," akasema. "Mama, zaidi ya nusu ziko chini."

Mke wake alitoka ndani akiwa amembeba Bwana Mdogo. "Baba Chiriku, si tuliambiwa daktari ndiye asome?"

"Mimi vipimo nimeanza kusoma kabla sijaota ndevu," mwanangu akajibu. "Shati likibana kwapani, hata mabega yawe mazuri vipi, mteja halivai. Kipimo kimoja kikikosewa, nguo yote imeharibika. Sasa hapa vimekosewa kumi na ngapi? Chanjo ile ilikuwa maji matupu."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Na kesho Bwana Mdogo haendi kuchomwa. Huyu wa kwanza alichomwa, amepata nini? Na Chiriku shule haendi. Ataenda kukohoa na watoto wa watu mpaka tumzike?"

Nadhani neno hilo lilimtisha hata yeye aliyelisema. Akainuka, akalitoa gauni msumarini, akalifungia kabatini.

Chiriku alichungulia kutoka chini ya meza. "Baba, gauni limekosa nini?"

Mkwe wangu aligeukia ukutani, akawa anampapasa mtoto mgongoni, ingawa mtoto hakuwa analia.

Hapo ndipo mteja alipobisha hodi. Alikuwa dada mmoja anayefanya kazi maabara, na alikuja kuchukua koti lake jeupe la kazini. Alikuwa amelileta kushonwa mfuko uliochanika.

"Shikamoo, Mama. Fundi, habari za kazi? Mbona mmenuna kama mmeunguza nguo ya bwana harusi?"

Mwanangu hakucheka. Alimsogezea ile karatasi. "Dada, wewe ndiyo kazi yako. Nisomee. Nione kama nimekosea."

Yule dada alitazama miduara ya chaki, akavuta stuli akakaa.

"Nitakueleza karatasi hii imepangwaje," akasema. "Maana yake kwa mtoto huyu atasema daktari, kwa sababu yeye anamjua mgonjwa, mimi naijua damu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alisimama, akaenda kwenye reli ya nguo. Akaanza kusogeza makoti na mashati, moja moja.

"Kijidudu huyu ana ukoo mkubwa, Fundi. Wote ni ndugu, lakini kila tawi la ukoo lina koti lake. Hili la kijivu ni aina moja. Hili la mistari ni aina nyingine. Walinzi wa mwili wanamtambua adui kwa koti. Aliyefundishwa koti la kijivu anaweza asilijue la mistari. Kwa hiyo hapa karatasini, kila mstari ni koti moja."

Chiriku alikuwa ameshatoka chini ya meza. "Na hili lenye manyoya?"

"Hilo la bibi harusi, usiliguse," baba yake akasema, na kwa mara ya kwanza tangu afungue bahasha sauti yake ililegea.

Yule dada aliendelea. "Chanjo aliyopata utotoni hufundisha makoti yale yanayosumbua zaidi. Haifundishi yote. Na maabara hupima mengi kuliko yaliyomo kwenye chanjo. Sasa nipe chaki." Akaichukua, akaweka alama ya mkasi, mistari miwili inayokatana, kwenye miduara kadhaa. "Hizi, na hizi, na hii. Hazimo kwenye chanjo yake. Mwili haukuwahi kuonyeshwa. Kuwa chini ni kawaida kabisa."

Mwanangu aliinamia karatasi. Miduara isiyo na mkasi ilikuwa imebaki michache, lakini ilikuwepo.

"Na hizi je? Hizi alifundishwa, na bado ziko chini."

"Hapo umeuliza swali lenyewe," yule dada akasema. "Chanjo alipata akiwa mchanga. Sasa ana miaka minne. Walinzi hupungua kadiri miaka inavyokwenda, hata kwa mtoto mwenye afya. Huenda mwili bado unakumbuka, ukikumbushwa utawatengeneza tena haraka. Au huenda haukujifunza vizuri. Karatasi moja haiwezi kukwambia ni lipi kati ya hayo."

"Sasa nini kitaniambia?"

"Karatasi mbili. Ninavyojua mimi, daktari huchanja tena, halafu hungoja wiki kadhaa, halafu hupima tena. Anaweka cha kabla na cha baada." Akamtazama mwanangu akitabasamu. "Fundi, wewe ukimpima mteja leo, hujakata kitambaa, hujashona, utakaa ulalamike kwamba suti haimkai?"

Mkwe wangu alikohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

"Na Bwana Mdogo?" mkwe wangu akauliza. "Baba yake anasema asiende kesho."

Yule dada aliishika karatasi juu, akaigeuza mbele na nyuma kama anayetafuta kitu. "Bwana Mdogo yuko mstari gani humu? Mimi simwoni. Hii ni damu ya Chiriku. Huwezi kumpima mtu mmoja ukamkatia suruali mwingine. Mtoto mchanga ndiye anayewindwa zaidi na kijidudu huyu. Mpelekeni."

Alichukua koti lake, akaukagua mfuko, akashukuru. Alipotoka, mwanangu alibaki ameishika tepu yake ya kupimia, anaikunja na kuikunjua.

Baadaye akasema, "Mama Chiriku, andaa kadi zote mbili za kliniki."

Lakini gauni hakulitoa. "Litakaa humo mpaka nijue," akasema. "Nikiliona mlangoni moyo unanienda mbio."

Asubuhi tulikwenda wote. Bwana Mdogo alichomwa pajani, akapiga kelele moja kubwa, akanyonya, akasahau. Kisha tukaingia kwa daktari. Ni mama mmoja mtulivu, mwenye sauti ya chini, hata mwenye hasira hujikuta anaongea taratibu.

Aliona alama za chaki, akauliza, "Nani amenisaidia kusahihisha?"

"Mimi," mwanangu akasema, macho chini. "Samahani, daktari."

"Usiombe samahani, ni hofu ya mzazi. Lakini nisikilize. Namba hizi si ugonjwa. Hazisemi kwamba mtoto ana nimonia leo, wala hazisemi kwamba ataipata. Zinaonyesha kingamwili zilizomo damuni siku ile damu ilipotolewa. Basi."

Akaeleza kama alivyosema dada wa maabara: angemchanja Chiriku tena, kwa chanjo yenye makoti mengi zaidi, na baada ya wiki nne hadi nane angempima damu upya.

"Na kama mwili wake utakataa kujifunza?" mwanangu akauliza.

"Basi tutakuwa tumejua mapema, na kuna njia za kumlinda. Kuna dawa, na kuna madaktari waliobobea kwa hayo. Kibaya ni kutojua." Halafu akauliza jambo ambalo hatukulitegemea. "Mchana analala wapi?"

"Chini ya meza ya baba," Chiriku akadakia. "Karibu na pasi. Kuna joto tamu."

"Pasi ya umeme?"

"Ya mkaa," mwanangu akasema.

Daktari alitikisa kichwa. "Moshi wa mkaa na vumbi la vitambaa huchokoza mapafu ya mtoto. Siwezi kusema ndivyo vilivyomwangusha. Lakini haviwezi kumsaidia. Pasi itoke nje, na mtoto alale kwenye chumba chenye hewa."

Chiriku alichanjwa mkononi. Alikunja uso, akamwambia nesi, "Umewaonyesha makoti?" Nesi alitugeukia, nasi tukashindwa kueleza kwa kicheko.

Siku hiyo hiyo pasi ilihamia barazani. Mwanangu alijenga na kibanda kidogo cha bati cha kuikinga na mvua. Wateja walimtania kwamba sasa pasi ina nyumba yake, bado kununuliwa kiti tu. Chiriku alihamishiwa mchana kwenye kitanda changu, karibu na dirisha. Alininyima usingizi kwa maneno, lakini nilivumilia.

Kungoja kulikuwa kazi. Katikati ya siku hizo Chiriku alianza kukohoa. Roho zetu zikawa juu. Mwanangu alitaka kumbeba akimbie naye.

"Ngoja kwanza tumtazame," nikamwambia. Daktari alikuwa ametueleza dalili za hatari: mtoto kupumua haraka kuliko kawaida, kifua kubonyea ndani chini ya mbavu anapovuta hewa, kushindwa kunywa, kuwa mnyonge asiyeamka vizuri. Ukiona mojawapo, usingoje, mpeleke hospitali mara moja, awe amechanjwa au hajachanjwa. Maana nimonia huletwa na vijidudu wengi, na chanjo hii humkinga mtoto na baadhi tu.

Tulimfunua kifua. Kilipanda na kushuka taratibu. Alikunywa kikombe kizima cha chai ya maziwa, akaomba kingine, akasimulia hadithi ya paka aliyevaa koti la mistari. Yalikuwa mafua. Siku chache baadaye yaliisha yenyewe, na masikio hayakuuma.

Damu ya pili ilitolewa. Safari hii Chiriku alinyoosha mkono mwenyewe.

Majibu yalipokuwa tayari, mwanangu aliyachukua dirishani asubuhi, nasi tulimkuta nje ya chumba cha daktari. Bahasha ilikuwa mfukoni mwa shati, imefungwa vilevile.

"Hujafungua?" mkwe wangu akamuuliza.

"Sijafungua. Vidole vinanila, lakini sijafungua."

"Baba, nikufungulie mimi?" Chiriku akasema.

"Wewe kaa hapo, usinitie majaribuni."

Daktari aliifungua mbele yetu. Aliweka karatasi ya kwanza mezani, ile yenye chaki. Pembeni yake akaweka mpya. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, huku na huku. Mkwe wangu alikuwa amenishika mkono, na kucha zake zilinichoma, lakini sikumwambia.

"Fundi, sogea," daktari akasema. "Soma hapa. Kabla?"

"Chini."

"Baada?"

Mwanangu alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. "Juu."

"Huu?"

"Chini. Halafu juu. Mara kumi ya mwanzo."

"Endelea."

Aliendelea. Juu. Juu. Juu. Kila mstari sauti yake ilipanda, mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Kisha akakwama.

"Huu haukupanda. Na huu. Na huu umepanda kidogo tu." Akamtazama daktari. "Hapa panabana?"

Daktari akacheka. "Hii si shati, Fundi. Si lazima mistari yote ya mtoto ipande. Kwa umri wake tunatafuta angalau nusu iitikie vizuri. Ya Chiriku imepita nusu kwa mbali. Mwili wake unajifunza. Mwanzo ulikuwa umechoka kukumbuka, tumeukumbusha, umekumbuka."

Mkwe wangu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na Bwana Mdogo akamfuata katika yote mawili.

"Kwa hiyo shule?" nikauliza mimi, maana niliona wote walikuwa wamesahau.

"Shule aende, na mambo yaliyobaki ni yale yale. Moshi mbali, mikono ioshwe, chanjo za mdogo wake zikamilike. Akiugua tena sana, mnamleta, tunaangalia upya. Na karatasi za vipimo mnaniletea zikiwa hazina chaki."

Tulirudi nyumbani mbio mbio kama watu wanaokimbia mvua. Njiani mwanangu alimsimulia kila aliyetusalimia, hata wasiouliza. Muuza mkaa aliambiwa habari ya kabla na baada, akaitikia kwa heshima, akauliza kama bado tutahitaji mkaa.

Tulipofika, mwanangu alikwenda kabatini moja kwa moja. Akalikung'uta gauni, akamvika binti yake, akafunga vifungo kimoja kimoja. Chiriku akasimama mbele ya kioo kirefu.

Gauni lilikuwa limepanda juu ya magoti, na mabegani lilikaza.

"Baba, umekosea kipimo," Chiriku akasema.

Nilimwangalia mwanangu. Nilidhani ataona haya, maana fundi hapendi kuambiwa hivyo, hasa mbele ya mama yake. Lakini alikuwa anatabasamu hadi masikioni.

"Sikukosea," akasema. "Hicho kilikuwa cha kabla."

Akamwinua akamsimamisha juu ya stuli. Akavuta tepu kutoka shingoni mwake. Chiriku akanyoosha mikono pande zote mbili, akanyamaza kimya, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo. Baba yake akampima bega, akampima kifua, akapiga goti akampima mpaka chini.

"Namba yangu imepanda?" Chiriku akanong'ona.

"Imepanda, mwanangu," akasema, na akachukua mkasi kufumua pindo.